Mwanamke Arudipo Kazini Baada ya Saratani ya Titi

Bismillahi Rrahmani Rrahim.

Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, aliyeteremsha maradhi na akateremsha dawa zake, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake, na masahaba zake wote.

Ama baada ya hayo. Ndugu zetu Waislamu, wanaume kwa wanawake, leo twataka kusema juu ya jambo ambalo watu wa miji yetu hulisema kwa kunong'ona. Wengine hata jina lake hawalitaji. Husema "yale maradhi mabaya", kisha wakatema mate. Jina lake ni saratani ya titi. Ndiyo saratani inayowapata wanawake wengi zaidi katika nchi hii ya Kenya, na wanaume nao huwapata, ijapokuwa ni wachache. Lakini makusudio yetu si kueleza namna ya kuugua kwake. Hayo wenye ilimu ya utabibu wanayajua kuliko sisi. Makusudio yetu ni yale yanayomfika mwanamke baada ya kutibiwa, siku atakayovaa buibui lake akatoka kwenda kwenye kazi aliyoiacha.

Sababu ya kuandika ni kosa lililotokea, na mkosa ni mimi niandikaye, pamoja na wenzangu wa kamati ya chuo tunachokisimamia. Bibi ambaye kosa hilo lilimfika nimemwomba ruhusa, naye ameniruhusu kwa sharti nisilitaje jina lake.

Bibi huyo amewasomesha watoto wa kike katika chuo chetu zaidi ya miaka kumi, Qur'ani na mambo ya tahara na sala. Akaona uvimbe katika titi lake la kulia. Hakwenda kwa mganga, wala hakuandikiwa kombe. Alikwenda hospitali, na kwa hilo Mwenyezi Mungu amlipe kheri, maana wako wengi wanaopoteza miezi kwa hirizi na mavumba na huku uvimbe unakua. Akakatwa titi, akaondolewa na tezi za kwapani, akatiwa dawa za kemo, kisha akapigwa miale, ile ambayo watu huiita "kuchomwa". Mambo hayo yalichukua karibu mwaka mzima. Sisi katika muda huo hatukumsahau. Tulimwombea dua baada ya sala, na tulichanga fedha za matibabu na za nauli. Katika hayo sioni kosa letu.

Kosa lilikuja alipotuletea habari kwamba yu tayari kurudi. Kamati tulikaa baada ya sala ya Isha. Mmoja akasema, masikini, huyu sasa apumzike. Mwengine akasema, darasa lake tumekwisha kumpa msichana fulani, na si vizuri kumwondoa. Wa tatu akasema, watoto wataogopa. Basi tukakata shauri kwamba tutampelekea kila mwezi kapu la unga na mchele na mafuta na sukari, naye akae nyumbani kwake kwa raha. Sote tuliona tumefanya jambo la huruma, na tukasoma Fatiha tukaondoka. Nikachaguliwa mimi kulipeleka kapu la kwanza na kumpa habari.

Alitupokea vizuri, akatupa kahawa. Akasikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema: "Sheikh, Mungu awalipe. Lakini mimi sikuomba unga, nimeuliza darasa langu. Kumbe mwaniletea talaka, na kapu juu yake?"

Ndugu zangu, sikuwa na jawabu. Nilirudi nyumbani nikafungua vitabu, na yale niliyoyaona nawaletea hapa, kwani najua ya kuwa kamati yetu si peke yake iliyofanya hivi. Yako maduka, na majumba, na maskuli, ambayo mwanamke akirudi kutoka hospitali hukuta kiti chake kina mtu, na badala ya kazi hupewa pole.

Tazameni kisa cha Nabii Musa (a.s.) katika Sura ya Qasas, kuanzia aya ya 23. Musa amefika kwenye maji ya Madyan, naye ni mkimbizi, ana njaa, hana jamaa wala mjuani. Akawakuta watu wamejaa wananywesha wanyama wao, na kando yao wanawake wawili wamewazuia kondoo wao wasisogee. Sasa angalieni aliyoyafanya Musa. Kwanza aliuliza. Hakujisemea moyoni kwamba hawa ni dhaifu na dawa ya dhaifu naijua. Aliwauliza wana jambo gani. Nao wakamweleza kwamba hawanyweshi mpaka wachungaji wale waondoke, na kwamba baba yao ni mzee sana. Alipokwisha kuujua uzito ulipo, akauondoa uzito ule ule, akawanyweshea. Kisha akenda zake kivulini, akamwomba Mola wake.

Nimeisoma Sura hii tangu utotoni, na nimeisomesha, lakini sikupata kutia maanani jambo hili moja: kondoo waliokuja nao, walirudi nao. Musa hakuwaambia, nendeni nyumbani, mimi nitachunga. Hakuwapokonya shughuli yao kwa kuwahurumia. Alinyanyua kile walichoshindwa kunyanyua, na kilichobaki akawaachia wenyewe, kwa kuwa ni chao.

Sisi wa kamati tulifanya kinyume. Kuuliza hatukuuliza. Uzito tuliuacha pale pale, kwani mkono wake ukiuma nyumbani kama ungaliuma chuoni. Tulichokichukua ni kondoo.

Na katika Hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim kutoka kwa Abu Dharri (r.a.), Mtume (s.a.w.) amekataza mtu kumkalifisha aliye chini ya mkono wake kazi inayomshinda, na akimkalifisha, ameamrisha amsaidie. Fikirini maneno haya. Hakuamrisha kwamba kazi ikimlemea mtu afukuzwe. Amri ni kumsaidia katika kazi ile. Basi mwenye duka au mkuu wa skuli ambaye humwambia mwanamke, "kama huwezi kama zamani, kaa kwako", amekimbilia njia ambayo Mtume hakuionyesha, akaiacha ile aliyoionyesha.

Lakini huwezi kumsaidia mtu kwa usilolijua. Kwa hiyo nilimwomba dada mmoja muuguzi, ambaye huhudhuria darsa la wanawake, atufahamishe, naye alitupa faida nyingi. Baadhi yake ni haya.

Mwanamke aliyeondolewa tezi za kwapani, mkono wake wa upande ule huweza kuvimba, pengine mara baada ya kukatwa, na pengine baada ya miaka. Tezi zile ndizo zilizokuwa zikipitisha maji ya mwili. Zikiondoka, maji hupata taabu kurudi. Mkono huo usibebeshwe mizigo mizito kwa ghafla, lakini pia usilazwe kama maiti. Utumike kwa taratibu na kuongezewa kazi kidogo kidogo kama alivyoelekezwa hospitali. Ukikatwa au ukiungua, jeraha dogo huweza kuwa kubwa. Sasa tazameni kazi za wanawake wetu. Mpishi wa mahamri hukanda unga wa kilo nyingi kabla ya alfajiri, kisha husimama mbele ya karai la mafuta yanayochemka. Mwenye kupikia watu vyakula hukaa juu ya mbuzi akakuna nazi kumi na tano, mkono ule ule. Mshoni wa kofia hushika sindano kutwa, na dawa za kemo zina tabia ya kutia ganzi ncha za vidole, hata asijue sindano imeingia wapi. Mtumishi wa nyumbani hufua mashuka kwa mkono na kunyanyua ndoo za maji. Hakuna katika kazi hizi isiyowezekana kusaidiwa. Mpishi akipata kijana wa kumkandia, yeye hukata na kupika na kupokea fedha, na biashara ni yake. Mshoni akivaa kidude cha kidole, na akashona vipande vichache kwa siku, kofia yake ni ile ile, na pengine nzuri zaidi. Ndoo huweza kujazwa nusu.

Jambo la pili ni uchovu. Uchovu huu si wa mtu aliyekesha akalala akaamka ana nguvu. Huu hulala nao, na huamka nao, na huweza kudumu miezi baada ya dawa kwisha. Pamoja nao huja usahaulifu: bibi aliyekuwa akijua hisabu ya duka zima kwa kichwa, sasa huandika. Mwacheni aandike! Maulamaa wetu wakubwa waliandika. Mtu kama huyu aula arudi kwa saa chache, asubuhi wakati ana nguvu, kisha aongezewe kila baada ya majuma kadhaa.

La tatu, wengi wao huendelea kumeza vidonge miaka mitano, na wengine hata kumi, vya kuzuia maradhi yasirudi. Vidonge hivyo huweza kuwaletea joto la ghafla mwilini, na katika kaskazi yetu hii, ndani ya buibui, mwanamke hutokwa na jasho kama aliyemwagiwa maji. Kiti kilicho karibu na dirisha hakimgharimu tajiri hata senti moja.

Na saratani haiambukizi. Haiambukizi kwa kikombe, wala kwa choo, wala kwa kukaa mkeka mmoja. Nimeambiwa habari ya mwanamke mmoja aliyekuwa akiuza viazi vya karai na bhajia jioni mtaani, akarudi baada ya kutibiwa, na wateja wake wa miaka wakampita wakenda kununua mbele. Hapana aliyemwambia neno baya. Walimwamkia vizuri, "Bi, waonaje hali?", wakapita. Na kila sufuria iliyorudi nyumbani imejaa ilikuwa ni chakula cha watoto wake. Mtu anayeogopa kula kilichopikwa na mikono hiyo, na huku anasema kwamba hapana kinachomfika mtu illa alichoandikiwa, basi na ayatazame maneno yake.

Twende sasa kwenye kanuni za nchi, kwa kuwa wengi wetu hatuzijui, na wenye kuzijua wengine huzificha. Sheria ya Ajira ya 2007 imempa mfanyakazi aliyetumika miezi miwili mfululizo haki ya likizo ya ugonjwa, isiyopungua siku 7 kwa mshahara kamili, na siku 7 nyengine kwa nusu mshahara, katika kila miezi 12, akiwa na cheti cha daktari. Siku 14! Na dawa za kemo mara nyingi hutiwa kila baada ya majuma matatu, mizunguko minne, au sita, au minane. Na miale hupigwa siku za kazi kwa muda wa majuma matatu mpaka matano. Zamani mtu wa Mombasa au Malindi aliyetakiwa kupigwa miale alisafiri mpaka Nairobi. Sasa kiko kituo cha saratani katika Hospitali Kuu ya Pwani, Mombasa, lakini kwa mtu wa Lamu au wa Tana bado ni safari ya siku na kulala kwa jamaa. Basi hisabu mwenyewe: siku 14 zamfikisha wapi? Serikali imeweka kiasi ambacho tajiri hana ruhusa kukipunguza. Kukizidisha hakuna aliyemkataza, na hapo ndipo ihsani ya Mwislamu inapojulikana.

Sheria hiyo hiyo, kifungu cha 41, yasema kwamba tajiri akitaka kumwachisha mtu kazi kwa sababu mwili wake hauwezi, yampasa kwanza amweleze sababu kwa lugha anayoifahamu, mbele ya mfanyakazi mwenzake au mtu wa chama chao atakayemchagua mwenyewe, na amsikilize maneno yake kabla ya kukata shauri. Nilipokisoma kifungu hiki niliona haya. Kanuni ya watu imetaka mwanamke asikilizwe kwanza, na sisi watu wa Qur'ani tulikata shauri gizani, tukapeleka kapu.

Wako watakaosema: mwanamke huyu ana mume, na nafaka ni juu ya mume, kazi ya nini? Ni kweli, nafaka ni juu ya mume, na asiyeitoa ana madhambi. Lakini Mwenyezi Mungu katika Sura ya Nisaa, aya ya 32, amewathibitishia wanawake fungu lao katika wanayoyachuma, kama alivyowathibitishia wanaume. Wala hatukupata kumwuliza mwalimu wetu habari ya mume katika miaka kumi aliyosomesha akiwa mzima; mbona tumemkumbuka mumewe siku alipougua? Na katika wanawake hawa wako wajane, na walioachwa. Wako hata walioachwa kwa sababu ya maradhi haya. Mume aliyemwoa msichana mzima, akastarehe naye na kuzaa naye, kisha akamwacha kwa kuwa ameondolewa kipande cha nyama, mimi sina la kumwambia hapa; Kadhi atamwambia ya mali, na mengine yako mbele ya Mola wake.

Wengine husema: huruma ndiyo iliyotupelekea. Nami naijua huruma hiyo, maana nilikuwa nayo. Imepokewa na Muslim kutoka kwa Jabir bin Abdillahi (r.a.) kwamba mama yake mdogo aliachwa, na akiwa katika eda alitaka kutoka kwenda kukata tende zake. Mtu mmoja akamkemea asitoke. Bila shaka mtu yule alidhani anamhifadhi. Bibi yule hakunyamaza, alikwenda kwa Mtume (s.a.w.), naye Mtume akamruhusu akakate tende zake, akataja kwamba hwenda akatoa sadaka katika hizo, au akafanya jambo la kheri. Ona tofauti ya macho! Mtu yule alimwona mwanamke wa kuzuiwa. Mtume alimwona mwenye mali ambaye maskini watamngojea mlangoni kwake. Na sisi tulimtazama mwalimu wetu tukaona mtu wa kupewa sadaka, tukasahau ya kwamba katika miaka yote ile hapakuchangwa mchango wa yatima chuoni illa na yeye alitia.

Simaanishi kwamba msaada haufai. Mgonjwa aliyekwama apewe, na akiwa ni fakiri apewe katika zaka, tena bila ya kupigiwa mbiu. Lililo baya ni kumpa kwa mkono mmoja na kumnyang'anya riziki yake kwa mkono wa pili, kisha kutaraji shukrani.

Limebaki jambo ambalo wanawake wenyewe wametuletea kwa maandishi, kwa kuwa waliona haya kuliuliza mbele za watu. Mwanamke aliyekatwa titi hupenda kuweka kitu cha badala ndani ya nguo, ili mwili ulingane na watu wasimkodolee macho. Wengine hununua cha duka, na wasio na uwezo hushona cha kitambaa, wakakijaza pamba na kutia kijizito kidogo kisipande juu. Waliuliza, je, huku ni kubadili maumbile aliyoyaumba Mungu? Jawabu: hapana. Sahaba Arfaja bin As'ad (r.a.) alikuwa amekatwa pua katika vita vya Kulab zama za Jahiliya, akajifanyia pua ya fedha, ikamnukia vibaya, Mtume (s.a.w.) akamwamuru afanye ya dhahabu. Na dhahabu kwa wanaume ni haramu! Lakini hapa hapakuwa na kujipamba, palikuwa na kuondoa dhara na kusitiri aibu ya jeraha. Wameipokea Abu Daud na Tirmidhi. Basi ikiwa pua ya dhahabu imeruhusiwa usoni pa mwanamume, mto wa pamba ndani ya kanzu ya mwanamke una shaka gani? Na asiyetaka kuuvaa, kwa joto au kwa jambo jengine, hana lawama. Na si halali kwa mtu yeyote, mwanamume wala mwanamke, kumtazama kifua akisema naye. Hili nalisema wazi kwa kuwa nimeambiwa lafanyika, na wafanyao zaidi ni wanawake wenziwe.

Twajidai kuwa twawajua masahaba. Nusaiba bint Kaab, Ummu Umara (r.a.), alipigwa majeraha mengi siku ya Uhud akimkinga Mtume, na moja la bega lilikuwa na shimo, likatibiwa mwaka mzima. Baada ya mwaka huo hatusomi kwamba alipewa kapu akaambiwa akae. Twamsoma Hudaibiya, na Khaibar, na Hunain, na mwishowe Yamama, ambako alikatwa mkono. Na Ibn Ummi Maktum (r.a.) alikuwa kipofu, naye alikuwa mwadhini wa Mtume, na Mtume akisafiri kwenda vitani, mara kadhaa alimwachia yeye Madina. Mtu asiyeona aliachiwa mji, na sisi mtu aliyepungukiwa titi tumeona hawezi kuachiwa watoto ishirini na chaki.

Basi tulirudi kwa bibi yetu, safari hii mikono mitupu. Nikamwomba radhi, kisha nikamwuliza kama alivyouliza Musa: una jambo gani? Wallahi hatukukaa robo saa. Alisema darasa lake liko juu, na ngazi zamkata pumzi. Alisema kuandika juu ubaoni kwamvuta kwapa. Alisema kila mwezi ana siku yake ya hospitali, na haijui mpaka aandikiwe. Basi, hayo tu. Hakuna lolote katika hayo tuliloliwaza sisi siku ile tulipokuwa tukimhurumia. Darasa lake tumelihamisha chini, pale tulipokuwa tumeweka mikeka ya zamani. Ubaoni wanaandika wanafunzi wenyewe kwa zamu, na hati zao zimeanza kuwa nzuri. Siku yake ya hospitali, msichana yule tuliyempa darasa humshikia, na siku nyengine anamsaidia na kujifunza kwake. Mshahara wake ni ule ule. Kwa miezi miwili ya mwanzo alisomesha saa moja na nusu kwa siku. Sasa amemaliza kurudi katika saa zake zote.

Aliongeza sharti moja, nalo halikutupendeza, lakini tulilikubali: kwamba watoto tusiwadanganye, na kwamba atawaambia mwenyewe. Siku ya kwanza aliwaambia. Akawasomesha namna ya kupaka maji juu ya bandeji kwa mwenye jeraha, akisema, mimi nalifanya hivi. Na wale wakubwa, waliokwisha baleghe, aliwabakisha nyuma akawaeleza ya kwamba mwanamke akihisi uvimbe katika titi, au chuchu ikaingia ndani, au ngozi ikakunjana, au ikitoka damu, asingoje iume, kwani uvimbe huu mara nyingi mwanzoni hauumi, aende hospitali.

Msichana mmoja katika hao alikwenda nyumbani akamwambia mama yake. Mama akanyamaza, kisha akaushika mkono wa binti akauweka. Alikuwa nao uvimbe tangu kabla ya Ramadhani, akinywa kombe na kungoja. Amekwisha kupelekwa, na sasa yu katika dawa. Mama huyo kazi yake ni kushona kofia, na mwenye duka anayempa kazi hiyo ni mmoja wa wasomaji wa gazeti letu hili. Mama ametupa ruhusa tumwendee mtu huyo. Tutakuwa dukani kwake, inshallah, siku ya Alkhamisi baada ya sala ya Alasiri, mimi na wawili katika kamati, kumwuliza atamngojea namna gani.

Wa billahi ttaufiq.